Kizibo cha Chupa ya Babu

Mama hajui kutulia. Akikaa, mikono inatafuta chupa ya kufuta. Kwa miaka thelathini aliosha vyombo vya kioo katika maabara ya hospitali, na alipostaafu akaihamishia kazi nyumbani: chupa za dawa za zamani, chupa bapa za manukato, mitungi ya kioo yenye viputo ndani. Vingine amevifukua kwenye viwanja vya ujenzi, vingine amewabembeleza wauza vyuma chakavu hadi wakachoka naye. Sebuleni kwetu mgeni huambiwa "karibu" na "angalia kiwiko" kwa pumzi moja.

Sheria yake ni moja: kizibo cha kioo hakitenganishwi na chupa yake. Zamani kila kizibo kilisagwa kitoshee shingo moja tu, na vyote viwili vikachorwa namba ileile. Ndiyo maana huvifunga pamoja kwa uzi kabla ya kuviosha.

Chupa moja haikupata nafasi rafuni. Ilikaa chini kabatini, imeviringishwa taulo, na hatukuthubutu kuiulizia. Babu, mchanganya dawa, aliacha chupa mbili za bluu zinazofanana. Mama alichukua moja, mjomba, kaka yake fundi saa, akachukua nyingine. Kizibo cha mama kikawa kinacheza shingoni. Akaamua kwamba kaka yake amempachikia kizibo cha kuokota, akamwita mwizi mbele za watu. Miaka minane hawakusalimiana.

Wiki iliyopita tukasikia mjomba anahamia kwa mwanawe, mbali, na anaondoka Jumamosi.

"Safari njema," mama alisema, kisha akaanza kupangua rafu alizozipanga jana yake.

Alhamisi aliniamuru nitoe kila kitu kabatini. Nikaifungua ile taulo, nikasoma kwa sauti bila kufikiri, "Shingo ina tatu, kizibo kina nne."

"Nne?" Kumbe siku zote hizo hakuwahi kuitazama namba, hasira haikumpa nafasi. Akainyakua chupa, akaipeleka dirishani. "Nne ni ya chupa ya kaka," akasema polepole. "Mungu wangu, ni mimi. Siku ya msiba niliziosha zote kwenye beseni moja. Sikufunga uzi."

Kutwa nzima akawa jikoni, mlangoni, jikoni tena. Anavaa viatu, anavua.

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie ulivyoniambia mimi."

"Nyamaza, wewe humjui kaka yangu!"

Ijumaa mchana uvumilivu ukaniishia, nikamshika mkono tukaenda.

Chumba cha mjomba kilikuwa na masanduku mawili yaliyokwisha kufungwa, na meza ya kazi tupu, isipokuwa ile chupa yake ya bluu.

"Shikamoo, kaka," mama alisema harakaharaka.

"Marahaba, mdogo wangu."

Mama akaiendea chupa moja kwa moja. Kizibo hakikutikisika. "Umekilazimisha!"

"Nilikilazimisha, kikanasa. Wengi wametaka kunifungulia. Nikawaambia fundi wake yupo, ila amenuna."

Mama akaomba maji ya moto na kitambaa. Akaanza kuipasha shingo kidogo kidogo, anasugua, anajaribu kuzungusha, anapasha tena. Akaisemesha chupa badala ya kumtazama kaka yake: "Ni mimi niliyechanganya vizibo. Nisamehe."

"Najua," mjomba alisema. "Namba ndogondogo ndiyo kazi yangu. Niliziona siku ileile nilipofika nyumbani."

Mama akaacha kusugua. "Uliziona? Miaka minane umekaa kimya?"

"Uliniita mwizi. Nilitaka uje mwenyewe."

Nilitamani kuwazaba vibao wote wawili. Mama alilia waziwazi, kitambaa kikimchuruzikia mapajani.

"Na nisingekuja?"

Mjomba aliyatazama masanduku, akafuta macho kwa mkono wa shati, kisha akamsogezea bakuli la maji.

"Kitambaa kimepoa," akasema.

Kizibo kilitoka saa kumi na moja jioni. Hakuna aliyeshangilia. Basi la mjomba lilikuwa la alfajiri, na walikuwa wamebakiwa na jioni moja.