Jani la Mheshimiwa

Bibi Devaki hakuwahi kumpa kura yule mbunge wao wa bunge la jimbo la Kerala, India, ila kumtazama akila alikupenda. Mheshimiwa alifika kwenye harusi ya mjukuu wa Bibi sauti imemkauka kwa kampeni, na kila mkono ulionyooshwa akaushika kwa mikono yake miwili minene. Wenye ng'ombe aliwauliza hali ya ng'ombe kwanza. Akala wali wote, akaramba vidole, kisha, kwa kuwa mchana kutwa alikuwa matangani, kwa mazoea akalikunja jani la mgomba alilolia kuelekea mbele, wanavyokunja waliofiwa. Harusini hiyo ni nuksi; bibi harusi akaanza kulengwalengwa na machozi. Mheshimiwa akalitazama jani, akalikunjua taratibu. "Nani kasema nimemaliza? Leteni wali!" Akaula mlo mzima upya, jasho likimtiririka.

"Kura yangu hupati ng'o," Bibi Devaki akamwambia, akimmiminia uji mtamu wa payasam.

"Najua, Bibi. We niongeze tu."

Kisha akalikunja jani kuelekea kifuani, kama inavyopasa harusini, na wafuasi kwa wapinzani wakampigia vigelegele utadhani yeye ndiye aliyeoa.