Wimbo wa Fundi Cherehani

Wiki nzima fundi cherehani alirudia wimbo mmoja tu kwenye simu yake, mguu wa kulia ukikanyaga pedeli hata sindano ilipokuwa haina uzi. Hilo la uzi ndilo lililomtia mkewe wasiwasi. Wimbo ukiisha, fundi anaurudisha mwanzo kwa kidole chenye chaki, pini zimejaa mdomoni.

"Baba watoto, huyo unayemsikilizia wimbo ni nani?"

"Subiri Ijumaa."

Ijumaa, siku ya kuzaliwa ya mkewe, alitema pini, akamshika kiuno katikati ya vitambaa, wakacheza. Mguu wa kulia haukukosea hata hatua moja. Wa kushoto, ambao haukufanya mazoezi, ulisimama kama mgeni. Mkewe alicheka mpaka machozi, kisha akautazama mkono wa mumewe kiunoni mwake.

"Mguu umefundishwa na pedeli, sawa. Na kushika kiuno hivi umefundishwa na nani?"