Diski ya Nne ya Elvi Rautio

Elvi Rautio alikuwa na uhakika na mambo mengi, na mara nyingi hakukosea. Kwa miaka thelathini na mmoja alipika katika jiko la shule ya Pelto, kule juu Michigan ambako theluji huingia Oktoba na kusahau kuondoka mpaka Mei, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyeweza kumdanganya kwamba hajala. Akitazama moshi wa jirani alijua anachoma kuni za mti gani. Alijua pia, na aliyebisha alikuwa anatafuta ugomvi, kwamba yule mwanamke mwenye kitambaa cha madoa kichwani katika filamu ya treni alikuwa yeye.

Filamu yenyewe ilipigwa Pelto mwaka 1958. Watu wa sinema walikuja na magari yao, wakaishika stesheni kwa siku mbili, wakawaita vijana wa mji wasimame pale wawe umati wa kumpokea askari anayerudi kutoka vitani. Elvi, msichana wa miaka ishirini, alikwenda pamoja na mdogo wake Aili. Mwaka uliofuata, wakati wa vuli, filamu ikaletwa na mji mzima ukaenda kuitazama. Karibu na mwisho, kwa muda wa kupiga chafya mbili, msichana mwenye kitambaa cha madoa alipita mbele ya umati akigeuza kichwa. Uso wake ulikuwa ukungu mtupu.

"Huyo mimi!" Elvi akasema kwa sauti.

Nyuma yake Sylvia Harju, naye aliyekuwa stesheni siku zile, akaruka. "Wewe wapi? Huyo ni mimi!"

Wote wawili walikuwa na kitambaa cha madoa, maana mwaka ule duka la Pelto lilileta aina moja tu. Tangu siku hiyo wakabishana kwa miaka hamsini na mmoja. Walibishana kwenye harusi, kwenye kahawa ya kanisani baada ya ibada, na mara moja kwenye msiba, mpaka mchungaji akawaomba watoke nje. Zilipokuja kanda za video waliitazama upya, wakaona ukungu. Zilipokuja diski wakaona ukungu uliopungua kidogo, na kila mmoja akautumia ukungu huo kujithibitishia kwamba ni yeye.

Ndipo mwaka 2010 Elvi akasoma gazetini kwamba filamu ya treni imesafishwa upya na kutolewa kwenye zile diski mpya za picha ang'avu, zinazoonyesha mpaka nyuzi za koti. Jumapili hiyo hiyo alisimama kwenye kahawa ya kanisani, kikombe mkononi.

"Nitaikodi," alisema. "Nikikuta ni Sylvia, nitasimama hapa hapa niseme mbele yenu nyote. Na akikuta ni mimi, asimame yeye."

"Nitasimama," alisema Sylvia. "Lakini wewe anza kupasha magoti, mwenzangu."

Sasa mji mzima ulikuwa unasubiri, na Elvi hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Mumewe Reino, mtu wa maneno machache na samaki wengi, akanunua televisheni pana na deki ya kisasa, akaifunga, akaenda zake ziwani.

Pelto haikuwa na duka la filamu tena. Ilibidi ujiandikishe na kampuni iliyotuma diski kwa posta. Ulipanga filamu zako kwenye kompyuta, kwa foleni. Wao walikuletea moja ndani ya bahasha ya njano, ukaitazama, ukairudisha ndani ya bahasha hiyo hiyo, ndipo wakatuma inayofuata. Elvi alipanga filamu ya treni ikiwa ya kwanza. Wakamletea filamu ya vita vya angani. Akairudisha bila kuifungua. Wakamletea ya mbwa anayecheza mpira. Kando ya filamu yake, kwenye kompyuta, yalikuwa yameandikwa maneno mawili: Subira ndefu.

"Ndefu kiasi gani?" Elvi aliiuliza kompyuta, kisha akapiga simu.

"Mama, nakala ni chache," alisema msichana wa kampuni, "na wanaoitaka ni wengi."

"Wengi? Filamu ya mwaka hamsini na nane? Mwanangu, nitajie mmoja tu kwa jina."

Msichana akamwambia aendelee kusubiri. Zikapita wiki sita, na kila Jumapili Sylvia aliuliza habari za treni, imechelewa stesheni gani.

Diski ya kwanza ya filamu ya treni ikafika mwishoni mwa Novemba. Deki ikaikataa mchana kutwa kwa sababu, ilisema, ilitaka kwanza kuboreshwa kupitia mtandao, na mtandao wa Pelto hutembea kwa mkongojo. Ilipokubali, Elvi akaona ukungu ule ule anaoujua. Walikuwa wamemtumia diski ya kawaida, si ile ya picha ang'avu. Alitaja maneno ambayo mwanamke wa kanisani hupaswa kuwa ameyasahau.

Ya pili ilikuwa yenyewe. Ilifika siku ya baridi kali hasa, ya kugandisha machozi machoni, na sanduku la barua lipo barabarani, bati tupu juu ya mti. Bahasha ilikuwa ya baridi kiasi cha kuunguza vidole. Elvi aliiweka kwenye rafu juu ya jiko la kuni, pamoja na glavu za Reino, kwa sababu huku kila kitu kinachotoka nje wakati wa baridi hupashwa moto kwanza: soksi, chupa ya maziwa, hata mtoto mchanga. Kahawa ilipoiva akaitia diski kwenye deki. Picha ilikuwa ya ajabu. Alihesabu vifungo vya koti la askari. Kisha, robo saa kabla ya mwisho, treni ikiwa bado njiani, picha ikaganda. Ikakatika vipande vya miraba, ikatetemeka, ikaganda kabisa.

Ya tatu ikaganda pale pale.

Elvi hakuwa na shaka kwamba kosa ni la wengine. Shaka yake ilikuwa ni nani wa kuanza naye. Alianza na Wendell, mpeleka barua, akamvizia kando ya sanduku.

"Wendell, nikuulize bila kukuvunjia heshima. Unazikalia bahasha zangu?"

"Mama Elvi, mimi nakalia kiti cha gari tu."

"Na mashine zenu za kupanga barua? Haziwezi kukunja kitu?"

"Zinaweza kuvunja. Lakini diski ikivunjika utaiona imevunjika, mama. Yako ilikuwa imevunjika?"

"Ilikuwa nzima," alisema Elvi, akachukia kwamba swali lilikuwa zuri.

Kisha akaiandikia kampuni barua ya kurasa mbili, iliyowaambia kwamba aliyepika chakula cha watoto mia tatu kila siku hajawahi kuwapa sahani isiyolika robo ya mwisho. Jibu lao lilikuja kwa heshima na ubaridi. Taarifa za diski mbovu kutoka kwake zilikuwa zimezidi kiwango. Wangemtumia nakala moja zaidi, na nayo ikirudi ikiwa mbovu, wangemfuta kwenye orodha ya wateja.

Aliisoma barua hiyo akiwa amesimama. Hakumwambia mtu, ila Reino, ambaye alisema, "Mh." Usiku huo Elvi hakulala vizuri. Kushindwa na Sylvia angeweza kumeza, kwa shida. Lakini kuzeeka bila kujua, wote wawili wakafa mmoja baada ya mwingine na ukungu ule ukabaki bila mwenyewe, hilo lilimuuma.

Diski ya nne ilifika Jumamosi mchana, katikati ya Januari. Wendell aliileta mpaka mlangoni akiishika kwa mikono miwili. Elvi alimpigia Sylvia simu. "Njoo. Sitaki useme niliitazama peke yangu."

Sylvia akaja na mkate mtamu wa iliki chini ya koti, akakung'uta theluji kwenye viatu, akavivua, akaingia jikoni. Alimkuta Elvi amenyoosha mkono juu ya jiko.

"Unafanya nini?"

"Napasha."

"Unapasha nini?"

"Diski. Imetoka nje, imeganda."

Sylvia aliweka mkate mezani taratibu. "Elvi. Unaoka filamu?"

Elvi akabaki na mkono hewani. Bahasha ya njano ilikuwa bado kati ya vidole vyake, na joto la jiko lilikuwa linampiga usoni.

"Na zile nyingine," aliuliza Sylvia, "zilikaa hapo muda gani?"

"Mpaka kahawa iive."

"Kahawa yako wewe? Inayochemka mpaka kijiko kinasimama?" Sylvia aliketi kwenye kiti cha karibu akacheka mpaka akavua miwani. "Umezipinda! Plastiki ile! Inapinda kidogo tu, kwa jicho huoni. Mjukuu wangu aliacha yake juu ya kipasha joto cha gari, nayo ilicheza vizuri kabisa, ikaja kufa mwishoni. Zinasomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na ukingo ndio unaopinda."

Elvi alishusha mkono. Alikumbuka zile kurasa mbili, na Wendell pale barabarani, na msichana wa simu ambaye alimwita mwanangu kwa sauti isiyo ya mama. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Aliiweka bahasha mezani, mbali na jiko, katikati ya vikombe.

"Jumatatu nitaipigia kampuni simu niwaambie kosa ni langu," alisema. "Na Wendell nitamwambia leo hii hii." Kisha akamtazama Sylvia kwa jicho kali. "Ungenyamaza tu. Ningeipinda na hii, kampuni ingenifuta kwenye orodha yake, na ubishi ungebaki wako."

"Hata mimi nataka kuuona uso wangu," alisema Sylvia. "Kata mkate."

Wakangoja saa nzima. Walikula, wakaigusa bahasha kwa zamu kama watu wanaopima homa ya mtoto, mpaka ikawa haina baridi wala joto. Elvi akaitia diski kwenye deki.

Ilipokaribia ile robo saa ya mwisho, wote wawili walisogeza viti mbele. Hakuna kilichoganda. Treni ikaja na moshi wake, ikasimama. Stesheni ya Pelto ilitokea mbele yao safi kuliko walivyoikumbuka, na mbao zilizochubuka rangi, na saa ya ukutani, na marehemu mchoma mkate akiwa na nywele zake zote. Kisha kitambaa cha madoa.

Msichana alipita mbele ya umati, akageuza kichwa, akacheka. Alikuwa na mwanya mpana mbele, na nyusi moja iliyokaa juu kuliko mwenzake.

"Si mimi," alisema Sylvia polepole.

Elvi alishusha kikombe mezani.

"Wala si wewe. Elvi... Mungu wangu. Ni Aili."

Aili alikufa kwa homa ya mapafu Machi ya mwaka 1959, miezi kadhaa kabla filamu haijaletwa Pelto, kwa hiyo hakuwahi kuketi pale ukumbini aseme huyo ni mimi. Zilibaki picha yake ya kipaimara, amefunga mdomo kuficha mwanya, na jiwe kaburini. Elvi sasa alikumbuka yote, na alishangaa kwamba aliweza kuyasahau. Asubuhi ile ya stesheni masikio ya Aili yalikuwa yanauma kwa upepo. Elvi alivua kitambaa chake akamfunga chini ya kidevu, akamwambia, tangulia mbele, wewe mfupi, mimi nakuja. Halafu hakwenda. Alibaki nyuma akipiga soga na kijana mmoja wa taa za sinema ambaye hata jina lake hakulikumbuka.

"Rudisha," alisema Sylvia.

Elvi alishika rimoti kwa mikono miwili, akarudisha. Aili akapita, akageuka, akacheka, midomo ikasogea. Akarudisha tena. Mara ya nne akasogea kwenye televisheni mpaka pua karibu iguse kioo.

"Anasema kitu."

"Anasema nini?"

"Ananiita," alisema Elvi. "Anasema, Elvi, njoo. Mimi nipo pale pembeni, nje kidogo tu ya picha. Ananiita mimi." Akaanza kulia, bila kujificha, na Sylvia akamshika mkono na kulia naye, maana Aili alikuwa amekaa naye dawati moja shuleni.

Wakaitazama mara kumi na moja. Mara nyingine walicheka, kwa sababu mwanya ule ulikuwa unachekesha tangu zamani. Sylvia aliuliza kanisani watasema nini, nani asimame.

"Tutasimama wote wawili," alisema Elvi, na sauti yake ilikuwa imerudi mahali pake. "Mimi nitalitaja jina, na wewe utanishika nisianguke."

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Reino alikuwa amerudi kutoka ziwani na samaki watano na theluji kwenye ndevu. Alimuoa Elvi mwaka 1961. Huyo Aili, Reino alimjua kwa jiwe la kaburini tu. Aliwaona wanawake wawili wanalia mbele ya televisheni wameshikana mikono, watu ambao kwa miaka hamsini hawakukaa benchi moja, akasita pale pale mlangoni asijue aingie au arudi kwenye barafu.

"Weka samaki chini," Elvi alimwambia. "Vua viatu, nawa mikono, uje hapa. Njoo umwone shemeji yako."