Misonobari ya Obdulia

Kila asubuhi, kabla hajaonja kahawa, Obdulia Manueles aligonga misonobari yake. Alikunja ngumi, akagonga gome mara mbili, akatega sikio, akahamia mti mwingine. Hata siku ya kumzika mumewe aligonga kwanza, ndipo akavaa nguo nyeusi.

Msitu wake ulikuwa juu ya kisima, katika milima ya Intibucá, Honduras, na kisima hicho ndicho kilichonywesha nyumba zote za bondeni. Wengine walipanda misonobari mitupu kwa sababu ndiyo yenye wanunuzi. Yeye alichomeka mialoni na miparachichi mwitu katikati, isisimame misonobari miwili bila mgeni kati yake. Jirani yake Eliodoro hakuchoka kumtania.

"Unapanda msitu, dada, au unapika supu?"

"Supu. Kwako naona maji ya moto matupu."

Lakini Obdulia hakutania alipomsimulia Nolvia, mke wa mwanawe. Utotoni aliona fukusi, wadudu wadogo kama punje za mchele, wakitoboa magome na kuumaliza mlima mzima wa baba yake. Mto wa chini yake ukakauka, nao wakahama.

Mwaka mvua iliposusa, misonobari ya mlima wa Eliodoro ilianza kuwa myekundu kwa fukusi. Nolvia aliutazama mlima kupitia dirisha la jikoni: juzi doa la kiganja tu, leo bega zima.

Eliodoro akakata miti yake, akawagawia majirani magogo yenye utomvu ya kuwashia moto. Huko hakuna anayekataa kuni za namna hiyo. Nolvia alishukuru, akayapanga karibu na kisima, yakiwa bado na magome yake. Obdulia, ambaye kifua kilikuwa kimemlaza, alinusa utomvu mbichi kutoka kitandani akauliza umetoka wapi. Alipojibiwa, uso ukamsawajika. Akaamuru magogo yachomwe saa ile ile. Lakini magome yalikuwa yamejaa matundu madogo, na fukusi waliokuwamo walikwisha kuruka.

Tangu hapo Nolvia ndiye aliyegonga. Msonobari wa kwanza kwenye ua uliitika kwa sauti ya debe bovu, na utomvu umeganda juu yake kama bisi. Ukakatwa, ukachomwa. Akangoja wa pili ufuate. Lakini mti wa jirani ulikuwa mwaloni, ambao fukusi hawaugusi, kisha mparachichi, na msonobari uliokuwa nyuma yao uliitika kwa sauti ngumu, siku baada ya siku.

"Yote mizima?" Obdulia aliuliza asubuhi moja, pumzi zikimkatika.

"Yote, mama."

"Na ule wa kisimani?"

Ule uliinama juu ya mahali alipopanga magogo, naye Nolvia hakuwahi kuugusa.

"Hata mimi ni mwoga, mwanangu. Unadhani nagonga kwa nini?"

Nolvia akaenda. Alisimama mbele ya mti ule hadi miguu ikafa ganzi, kisha akagonga, akafumba macho, akagonga tena. Sauti ilikuwa ngumu. Alirudi mbio, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Ni mzima, mama."

Obdulia alifumbua macho kwa mara ya mwisho.

"Leo," alisema. "Kesho kagonge tena."