Ng'ombe wa Nyumba ya Nemayian

Tangu serikali iruhusu watu binafsi kuagiza magari, Korogwe ilipokea kila takataka yenye rangi nzuri, na Nemayian wa kijiji cha Sindeni hakuamini hata moja. Kwa desturi ya Wamasai wenzake, ng'ombe waliogawiwa nyumba ya mke hawauzwi mpaka mwenyewe aridhie. Kwa hiyo mumewe Ledama, aliyetaka kuwabadilisha wote kwa gari moja la mashindano, ilimbidi amlete mjini alione.

Lilikuwa jekundu, lenye viti viwili, tumbo karibu liguse vumbi.

"Mama, Tanga nzima halipo la pili," alisema Mhina, mwenye gari. "Huko Ulaya bei yake inajenga ghorofa!"

Nemayian alilizunguka polepole kama anayekagua ng'ombe mnadani. Alijua kwamba mtu hauzi mtamba mzuri. Anayeuzwa ni tasa, au mpiga mateke.

"Huyu ana ila gani?"

Mhina akacheka. "Hana ila! Anataka lami laini tu, akimbie."

"Sindeni atafika?"

"Aa, kule mashimo matupu. Atapasuka tumbo."

"Sasa huko kwenye lami laini walimtoa kwa nini?"

Mhina akajifanya anatafuta ufunguo mfukoni. Ledama naye alimkazia macho.

"Baba Kisemei," Nemayian alimwambia mumewe, "kitu chaweza kuwa na bei kubwa kisiwe na thamani. Wanao watakunywa fahari?"

Ledama aliondoa mkono wake juu ya boneti.

"Twende," alisema. "Ng'ombe hawajanyweshwa."