Mistari Mitano Niliyoiruka

Barua zilizotoka Taveta zilinuka ndizi. Ni mara chache zilikuja kwa posta. Nyingi zilikabidhiwa kina mama waliopanda gari la moshi na mikungu yao, zikachomekwa katikati ya majani makavu ya migomba ili zisikunjike, na zilipofika Voi karatasi ilikuwa imelegea kwa joto na kunyonya utamu wa ndizi zilizoanza kuiva. Hata leo nikipita sokoni wanapouza ndizi, kabla sijaona chochote, vidole vyangu hujikunja kana kwamba vimeshika bahasha. Kisha uchovu hunishika. Nimekuwa mtu wa kusoma maisha yangu yote, nimefundisha watoto wa watu kusoma, na uchovu ninaousema si wa macho wala wa miguu, ingawa hivyo navyo vimechoka. Ni uchovu wa kubeba kitu kimoja muda mrefu na kukosa mahali pa kukitua.

Mwezi uliopita kina mama wa kanisani kwetu, ambao hukutana sebuleni kwangu kuzungumzia vitabu, waliamua kila mmoja aseme amesoma nini siku hizi na husoma vipi. Mmoja husoma akingoja maharagwe yaive. Mwingine hawezi kusoma bila kalamu mkononi. Mimi nikawatajia vitabu vyangu vya mwaka huu: riwaya ya familia iliyohamishwa shambani kupisha bwawa, kumbukumbu za muuguzi mstaafu aliyezalisha wanawake milimani, na kijitabu cha hadithi fupi nilicholetewa na mjukuu wangu, ambacho nimekipenda kuliko vyote kwa sababu watu wake huzungumza kama majirani zangu. Nikaongeza kwamba kila kitabu huwa nakianza kwa ukurasa wa mwisho. Wakacheka sana. "Mwalimu, sasa utamu unabaki wapi?" Nilikuwa nimechoka, nikacheka nao, tukanywa chai. Lakini ilikuwa haki yao kuelezwa, na maelezo yenyewe ni ya msimu mmoja wa kiangazi katika miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa miaka kumi.

Nyumbani kwetu ni Chawia, juu milimani, ambako mama alikuwa na kishamba na wadogo zangu wanne. Baba alifanya kazi kwenye gengi la kutengeneza njia ya reli, akapewa chumba kimoja Voi katika nyumba za wafanyakazi tulizoziita landhi: safu ndefu za vyumba vilivyoshikana, paa la bati, mlango mmoja, dirisha moja, na bomba la maji ambalo watu wa safu nzima walilitumia. Mwaka ule mahindi yalikauka yakiwa marefu kama goti langu. Mama akaamua niteremke nikampikie baba, ili mdomo mmoja upungue nyumbani. Nilikuwa nimefika darasa la tatu kwenye shule ya misheni, na nilikuwa na sifa moja tu: nilisoma upesi. Shule ya Voi ilikuwa imejaa. Nikakaa tu, na kwa kuogopa kwamba nitasahau, nikasoma kila kilichokuwa na herufi. Nilisoma mikebe ya samli, magunia ya saruji, na vipande vya magazeti ya zamani ambavyo muuza duka alifungia sukari. Kiswahili kilikuwa lugha yangu ya pili. Nyumbani tulisema Kidawida. Maneno mengi niliyatamka vizuri bila kujua maana yake, nikifurahia tu jinsi yalivyotiririka.

Kina mama wa landhi walinisikia nikisoma kwa sauti nikipepeta mchele, na ndani ya wiki moja nikawa msomaji wao wa barua. Waume zao walikuwa njiani siku nyingi, na karani wa stesheni hawakumtaka kwa sababu alijua kusoma na kujua kusambaza pia. Mimi nilikuwa mtoto, tena mgeni, nani angenisikiliza? Walikuja saa za alasiri jua linapokuwa kali na hakuna kazi inayofanyika, wakaketi sakafuni kwa sababu sakafu ya saruji ilikuwa na ubaridi, wakaniletea karanga au kipande cha muwa. Nami nikasoma. Niligundua kwamba nikibadilisha sauti, nikamfanya mjomba anayelalamika aseme kwa pua, watu hucheka. Nilipenda kicheko kile. Naweza kukiri sasa kwamba nilikipenda kuliko barua zenyewe.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Wakesho. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, na alinitunza bila kuagizwa na mtu. Ndiye aliyenionyesha jinsi ya kufunika moto ili kuni zisiishe, na ndiye aliyenisuka nywele kila Jumamosi. Mumewe alifanya kazi kwenye shedi ya injini na mwezi ule alikuwa ametumwa mbali, upande wa bara. Mtoto wao aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, binti, huyo Wakesho mwenyewe, ambaye alikuwa ameolewa Mata, kule Taveta karibu na mpaka, na alikuwa mjamzito. Kila gari la Taveta lilipoingia, Mama Wakesho alikuwa ameshafika stesheni, leso mbili mwilini, akiwauliza wauza ndizi kama wana kitu chake.

Siku moja wakawa nacho. Alirudi karibu mbio, akapiga mlango wetu kwa kiganja. "Mshai, mwanangu, acha hiyo sufuria. Imekuja." Nyuma yake walikuwa wanawake watatu ambao hawakuwa wamealikwa na hawakuhitaji kualikwa. Bahasha ilinuka ndizi. Niliifungua, nikasimama katikati ya chumba, nikaanza.

Ilikuwa barua ya mkwe wake, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza ukubwani, herufi kubwa zilizoinamiana. Ilianza kama barua zote za wakati ule zilivyoanza: sisi hapa hatujambo, hofu ni kwenu huko. Ikasimulia mfereji wa maji uliobomoka, tembo walioingia migombani usiku na kula safu nzima, na mguu wa mama yake uliokuwa umevimba na sasa umepoa. Tembo niliwasoma kwa sauti nzito, na wanawake wakacheka mpaka mmoja akajifuta machozi. Kisha nikafika mahali palipoandikwa: "Mtoto amezaliwa. Ni msichana. Ni mzima." Chumba kililipuka kwa vigelegele. Mama Wakesho alisimama, akaketi, akasimama tena, akamkumbatia aliyekuwa karibu. Vigelegele vile vilinipa nafasi, na macho yangu, yaliyozoea kukimbia mbele, yakakimbia.

Ilikuwa imebaki mistari mitano. Iliandikwa hivi, na nimeijua kwa moyo tangu siku hiyo: "Lakini Wakesho hatukuweza kumzuia. Damu haikukoma. Alitutoka siku ya pili asubuhi, tumemzika karibu na nyumba. Mtoto ananyonyeshwa na mke wa ndugu yangu. Njoo, mama."

"Endelea, mwanangu," Mama Wakesho akasema, uso wote umejaa furaha. "Wakesho mwenyewe anasemaje?"

Nilimtazama. Nakumbuka jasho chini ya pua yake. 

"Anasema njoo, mama," nikasema. "Wanakungoja."

Hakuna aliyeshuku. Nilikuwa mtoto anayesoma, na anayesoma husema kilichoandikwa. Aliichukua barua, akaibusu, akaifunga kwenye pindo la leso, akaenda kutafuta zawadi. Asubuhi iliyofuata landhi nzima ilimsindikiza stesheni. Alikuwa na ratili nne za sukari, sabuni, na kipande cha flaneli ya manjano ya kumfunika mtoto. Nilisimama nyuma ya watu nikajiambia kwamba gari likichelewa nitasema. Gari halikuchelewa.

Jioni baba aliporudi nilimweleza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya karai la maji, mtu aliyechoka kuliko ninavyoweza kueleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Mbona hukuniambia jana?"

"Niliogopa."

Akaangalia maji. "Hata mimi ningeogopa," akasema. "Lakini umemwacha aende msibani na nguo za sherehe." Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Baada ya hapo sikusoma tena. Mwanamke akija na barua nilisema macho yananiuma, na haikuwa uongo kamili, maana kila karatasi niliyoitazama macho yalikimbilia chini kabisa kutafuta kifo. Mchele ulipofungwa kwenye gazeti niliigeuza karatasi upande wenye picha. Baba aliniletea kipande cha kalenda chenye maandishi ili anichangamshe, nikakitumia kuwashia moto.

Wiki tatu zikapita. Nilikuwa bombani naosha sufuria niliposikia kilio cha mtoto mchanga kwenye safu yetu, nami nikajua. Nilijificha nyuma ya choo mpaka jua likapungua makali. Aliyekuja kunitafuta ni Mama Wakesho mwenyewe. Alikuwa amepungua, mashavu yalikuwa yameingia ndani. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto ndani ya flaneli ya manjano; mkwe wake alikuwa amempa amlee kwa maziwa ya mbuzi.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua, mama."

Alitikisa kichwa polepole. "Niliimba garini, Mshai. Njia nzima. Watu wote wa behewa lile walijua nina mjukuu. Kulikuwa na kijana mmoja amevaa suruali ndefu, karani nadhani, nikamwambia soma barua ya binti yangu, baba, uone mambo ya tembo. Akasoma kimya. Akaikunja vizuri, akanirudishia, akasema, 'Barua nzuri, mama.' Halafu akageukia dirishani." Alimpapasa mtoto mgongoni. "Niliingia uwanjani kwao nikicheka. Nikipiga kigelegele. Watu wameketi matanga, wananyoa nywele, na mimi napiga kigelegele."

Nililia, na yeye aliniacha nilie bila kunigusa.

"Sijui nikushukuru au nikuchape," akasema mwishowe. "Nikiwa macho usiku nasema, angalau nilipewa siku moja. Kukicha nasema, nani aliwaruhusu? Wewe na yule wa suruali. Kwa kuwa mnajua kusoma, mkaamua mimi nijue nini na lini." Akafungua pindo la leso, akatoa barua. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. "Sitaki unisomee. Nifundishe."

Tulianza kesho yake. Hakukuwa na kibao cha kuandikia, tuliandika kwa mkaa sakafuni na kufuta kwa kitambaa chenye maji. Neno la kwanza alilolitaka lilikuwa jina la binti yake. Mikono yake iliyoweza kusuka na kusonga ugali wa watu kumi ilikibana kipande cha mkaa mpaka kikavunjika. Alijifunza taratibu na kwa hasira, mtoto mgongoni, akirudia silabi huku akichota maji, ka, ke, ki, mpaka wanawake wengine wakaanza kumcheka, na wawili kati yao wakaja kuketi naye. Nilimfundisha miezi minne. Sikuwahi kufundisha tena namna ile, hata nilipokuja kulipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Mvua zilipoanza baba aliniambia nijiandae kurudi Chawia. Alasiri moja kabla sijaondoka Mama Wakesho aliniita, akaniweka mtoto mikononi, akasema nitoke naye nje. Akaurudisha mlango. Nikakaa kibarazani na mtoto aliyeitwa jina la mama yake, nikasikia kupitia ubao wa mlango sauti ikipanda neno kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Alisoma mfereji. Alisoma tembo. Alisoma "ni mzima." Kisha kukawa kimya kirefu, nami nikafikiri ameacha. Ndipo nikasikia: "A-li... ali-tu... a-li-tu-to-ka." Akalirudia lote pamoja. Akaendelea mpaka "Njoo, mama." Alipofungua mlango uso ulikuwa umelowa lakini umetulia. Akachukua mtoto. "Sasa nimesikia," akasema, akaenda kuwasha moto.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kusoma mwisho kwanza. Nataka kujua kilichoko kule chini kabla sijaanza kumfurahisha mtu kwa habari za tembo. Mama Wakesho alizeeka akiwa msomaji. Alisoma Biblia, magazeti na barua zake zote, na alimsomesha yule mtoto hadi akawa muuguzi. Hakuwahi kuniambia kama alinisamehe, nami sikuwahi kuuliza. Tulisalimiana vizuri hadi alipofariki.

Siku hizi kila mtu anajisomea. Hilo ndilo alilolitaka, na ndilo nililolifanyia kazi miaka yote ile. Mwaka jana nilikuwa kwenye foleni ya benki pale Voi simu ilipolia ndani ya mkoba. Nikavaa miwani. Ulikuwa ujumbe wa mtoto wa ndugu yangu, maneno manne: "Shangazi, baba ametuacha leo." Hakukuwa na salamu, wala mfereji, wala tembo. Ujumbe wenyewe wote ulikuwa ukurasa wa mwisho. Ndugu yangu yule nilimwacha mchanga mgongoni mwa mama nilipoteremka kwenda landhi. Watu wa foleni walikuwa wakitazama simu zao. Msichana wa nyuma yangu akasema kwa adabu, "Nyanya, songa mbele kidogo," nami nikasonga, kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Nilisimama pale nikiwa nimejua kila kitu, kwa haraka na kwa ukamilifu, kama ilivyo haki ya mtu anayejua kusoma. Na nilitamani, Mungu anisamehe, awepo mtu mmoja wa kunidanganya mpaka nifike nyumbani.