Mwaka wa Klementina, Mvua Hadi Mvua

Mtu aliyemkuta Klementina katika miaka yake ya mwisho, ameketi barazani asubuhi ya mwezi wa saba, anachambua maharage na mabega wazi, asingeamini kwamba mwanamke huyo aliwahi kulia kwa sababu ya baridi. Wageni wa Sumbawanga walipita barabarani wamejikunyata ndani ya makoti, mikono makwapani, naye akawaita kwa sauti: "Karibuni tuote jua!" Jua lenyewe lilikuwa jeupe tu, halina nguvu hata ya kuyeyusha mafuta yaliyoganda kwenye kopo.

Tumemzika mwezi uliopita, na tunaamini Mungu amempokea. Matangani wanajumuiya walisimulia mengi juu yake, lakini lililorudiwa kila mara, kwa kicheko na machozi kwa pamoja, ni mwaka wake wa kwanza huku juu.

Klementina alizaliwa Kirando, ziwani, mahali ambapo mtu hulala mlango wazi na mtoto hukua bila habari ya sweta. Adriano, fundi seremala wa Sumbawanga, alishuka kule kutengeneza mabenchi ya kanisa, akamwona akipanga dagaa kwenye mchanga, na mabenchi yakachukua muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Posa ilipopelekwa, aliyesita ni mama yake Klementina, aliyeitwa Edith. Alikuwa mjane na huyo ndiye binti yake pekee.

"Huko juu watu wanakohoa tangu kuzaliwa," Edith alimwambia Adriano. "Mimi nakupa mwaka mmoja. Mvua hadi mvua. Mwili wake ukikubali, ni wako na ni wa kwenu. Mwili ukikataa, unamrudisha, na wewe unashuka naye, randa zako na misumeno yako yote."

Adriano alikubali. Alipofika nyumbani akamweleza mama yake, Dominika, ambaye naye alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu. Dominika akauliza, "Na huko ziwani utatengeneza nini? Kazi ya mbao kule ni mitumbwi, na mitumbwi ina mafundi wake." Kwa hiyo siku Klementina alipopanda basi kuja na Adriano baada ya harusi, nyumba mbili zilikuwa zinautazama mwili wake.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Basi lilipofika Chala alifunga dirisha. Lilipokaribia Sumbawanga alifungua begi akavaa gauni la pili juu ya la kwanza. Stendi walipokewa na mvua ya kwanza ya maana ya msimu, ile inayoanza na vumbi kuruka na harufu ya udongo, halafu mbingu inapasuka. Lydia, dada yake Adriano, alikuja na mwavuli mmoja wa watu watatu.

"Wifi, karibu," alisema akimkumbatia. "Hii tunaita manyunyu."

Klementina alicheka, akidhani ni utani.

Haukuwa utani. Mvua ya uwandani ilikuja kila siku baada ya saa za mchana, ikiwa na radi ya kutikisa vyombo kabatini. Ilipopiga mabati, watu waliacha sentensi katikati, wakasubiri ipungue, kisha wakaendelea pale pale walipoachia. Klementina hakuwahi kuona watu wenye subira ya mazungumzo kiasi hicho. Baada ya Krismasi mvua ikabadilika. Ikawa ya rasharasha, ya kutwa nzima, na asubuhi ukungu ulishuka kutoka milima ya Mbizi ukakaa mitaani mpaka nyumba ya jirani isionekane. Chumvi ililowa ndani ya kopo lake. Viberiti vilikataa. Viatu vya harusi, alivyoviweka chini ya kitanda, vilifuga manyoya ya kijani.

"Huu nao ni nini?" alimuuliza mama mkwe, amevishika kwa vidole viwili.

"Ukungu," alisema Dominika.

"Na ule wa nje?"

"Nao ukungu."

"Basi mama, huu wa nje umeingia ndani."

Dominika alijaribu kuzuia kicheko akashindwa. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka na mkwe wake.

Katika wiki hizo ndipo likatokea lile la dagaa. Edith alituma gunia la dagaa ambao hawajakauka vizuri, akijua binti yake atamalizia kazi mwenyewe. Jumapili jua lilichungulia kidogo. Klementina, kama mtu yeyote wa ziwani, alitandika mkeka uwanjani, akamwaga dagaa, akawasambaza kwa ustadi wote aliofundishwa, akaenda Misa. Kule Kirando, ukirudi kutoka Misa dagaa wanalia kama majani makavu. Huku alirudi akakuta mkeka unaelea. Mtaa mzima ulinuka, na paka walikuja ambao hata hawajulikani ni wa nani.

"Wifi," Lydia alisema akiwa ameziba pua kwa kanga, "kwetu supu tunapikia ndani."

Jioni hiyo Klementina alimwambia mumewe, "Jua la huku ni la uongo." Adriano alifikiri anatania, lakini aliona midomo yake inatetemeka.

Dominika hakumtania. Siku iliyofuata alimpa jembe, wakaenda shambani nje ya mji. Majani yalikuwa yamefika kiunoni, na kazi ya majira hayo ni kuyafukia: unakata udongo na majani yake, unaugeuza, unaupandisha kuwa tuta la mviringo, majani yakiwa tumboni. Majani huoza humo, na mvua za mwaka unaofuata tuta linasambazwa, ulezi unapandwa juu yake. Wafipa, wenyeji wa huku, wamekula hivyo tangu enzi. Klementina alilima akiwa amelowa, meno yanagongana. Dominika akamwita kwenye matuta aliyoyapandisha wiki za nyuma.

"Ingiza mkono."

Klementina alizamisha mkono ndani ya tuta, akashtuka. Kulikuwa na joto. Joto lenye unyevu, kama la tumbo la mnyama aliyelala.

"Ni majani yanaoza," Dominika alisema. "Usifikiri nchi hii ni ya baridi tu. Joto lake linajificha."

Klementina aliuacha mkono humo. Kisha akavua ndala, akachimbia na miguu. Wapita njia walimwona mke wa Adriano amesimama katikati ya tuta kama mche wa mgomba, anatabasamu, wakaenda kusema kwamba bibi harusi wa ziwani ameanza kurukwa na akili. Wasichokijua ni kwamba wakati huo alikuwa pia na mimba changa, na hajamwambia mtu.

Mvua zilikoma mwezi wa nne. Ziliondoka taratibu, zikiaga kila siku kwa wingu dogo zaidi. Baada yake ikaja ile hali ya hewa ambayo Klementina, maisha yake yote, aliisifu kuliko zote. Anga ilisafishwa. Kilima kilichokuwa mbali kilionekana mti kwa mti. Ulezi uliiva ukawa na rangi ya kahawia nyekundu mashambani, na watu walivuna wakiimba nyimbo za kanisani, kwa kuwa ndizo zilizokuwa midomoni. Kwenye simu alimwambia mama yake, "Mama, huku mtu anaona mbali." Edith akajibu, "Wewe ona mbali, lakini ukumbuke kurudi karibu."

Halafu upepo ukaja.

Kipupwe cha Sumbawanga si baridi ya kukaa mahali pamoja. Kinatembea. Kinaingia chini ya mlango, kinapanda mguuni, kinatafuta kiungo. Asubuhi majani yalikuwa na umande mweupe, na maji ya pipa yaliuma mikono. Klementina alinunua sweta mbili za mtumba kwa Mwanaheri, mfanyabiashara wa jirani, aliyemwambia, "Bibie, chukua na ya tatu, hiyo ya tumbo." Akavaa zote tatu. Alilala nazo. Hakuoga ila mchana, na hata hapo kwa kulazimishwa. Alilia akiwa anaosha vyombo, alilia akisali rozari. Sala yake aliisimulia mwenyewe baadaye: "Bwana, Wewe ndiye uliyeumba kule na huku. Kwa nini joto lote ulilimalizia kule?"

Jioni moja, kabla hata ya chakula, alifanya jambo ambalo mtu wa huku hufundishwa kuliogopa akiwa mdogo. Alichukua jiko la mkaa lililowaka vizuri, akaliingiza chumbani, akafunga dirisha, akaziba mwanya wa mlango kwa kanga, akajilaza. Joto likampata. Akasikia raha, kisha kichwa kizito, kisha akawa hasikii chochote.

Dominika alipita koridoni akasikia harufu ya mkaa mahali pasipo jikoni. Aliita mara moja tu. Aliupiga mlango kwa bega, mwanamke wa umri ule, akamburuta mkwe wake kwa makwapa hadi uwanjani, akamlaza kwenye upepo. "Vuta, mwanangu! Vuta upepo, uvute!" Upepo ule ule ulimpiga Klementina usoni, ukamwingia puani, akakohoa, akatapika, akafungua macho. Wote wawili walikaa chini kwenye baridi, wameshikana, mama mkwe akilia kwa sauti kuliko mkwe.

Kwenye zahanati walihakikishiwa kwamba yeye na mimba wako salama. Lakini habari ilifika Kirando kabla ya usiku kuisha. Edith alipiga simu, na safari hii hakutaka kuongea na binti yake. Alimtaka Adriano.

"Mwili umekataa," alisema. "Unasubiri nini?"

Adriano alimkuta mkewe amejifunika mablanketi. "Mama yako ana haki," alimwambia. "Ukisema leo, tunaondoka leo. Nimeshaanza kuzipaka randa mafuta zisije zikaota kutu huko ziwani."

"Tulisema mvua hadi mvua," Klementina akajibu. "Hiyo mvua iko wapi?"

Mwezi wa nane upepo ukachoka. Wa tisa ukaleta moshi wa majani yanayochomwa, jua likawa jekundu kama kaa, na vumbi likakaa kwenye kila kitu, hata kwenye uji. Wa kumi ukawa na joto. Klementina alikuwa amelisubiri joto hilo kwa hamu, na lilipofika akashangaa kwamba halimfurahishi. Midomo ilipasuka. Kisima cha jirani kilishuka. Alijikuta jioni amesimama uwanjani na tumbo lake kubwa, anaangalia upande ambao mawingu hutokea, akinusa hewa kama Dominika alivyofanya.

Mwishoni mwa mwezi huo Edith akaja. Desturi ilimpa haki: mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke. Lakini hakuna aliyejidanganya. Klementina akishuka kujifungua, hatapanda tena, na Adriano atamfuata. Karakana ilikuwa kimya. Patasi zilikuwa zimefungwa kwenye gunia. Dominika alimpokea mgeni kwa heshima zote, akampikia ugali wa ulezi na kuku, na hakusema neno moja la kumbembeleza mtu.

Asubuhi Edith alitoka nje amejifunga kanga mbili na shuka, anatetemeka. "Jamani, Mungu wangu! Watu mnaishije kwenye barafu hii?"

"Mama!" Klementina aliangua kicheko. "Hii unaita baridi? Hii ni joto! Ungekuja mwezi wa saba, ungeona. Maji yanakata vidole! Na upepo wake, mama, upepo wa huku si wa mchezo, unaweza kumfufua mtu." Aliendelea, akieleza kwa mikono yote miwili, jinsi ukungu unavyoshuka, jinsi radi inavyotikisa vyombo, mpaka alipogundua kwamba hakuna mwingine anayecheka. Lydia alikuwa ameacha kufagia. Edith alimtazama binti yake kwa muda mrefu.

"Unajisifia," alisema.

"Nini, mama?"

"Baridi. Unajisifia baridi kama mtu anayesifia ng'ombe wake. Niambie kweli. Mwili umekataa, haujakataa?"

Klementina alikaa chini kwenye ngazi ya mlango. "Mwili haujakataa, mama. Ni mimi niliyekuwa nakataa."

"Na mimi nibaki ziwani na nani?"

Wote waliokuwapo wanasema Klementina hakujaribu kutunga jibu. Aliinamisha kichwa. "Sijui, mama. Hilo sijui." Akalia, na mara hiyo hakulia kwa baridi. Edith alikuja akakaa karibu naye, akamfunika na nusu ya shuka lake.

Edith alibaki hadi mvua ziliporudi na mtoto akazaliwa, wa kiume, akabatizwa Steven. Mchana wa mvua mabati yalilia kiasi kwamba mama na binti waliacha maneno katikati, wakasubiri, wakaendelea. Dominika alimfundisha Edith kukausha nepi juu ya moshi. Adriano alifungua gunia la patasi, akaanza kitanda cha mtoto.

Siku ya kuondoka, Klementina alimsindikiza mama yake hadi kwenye basi. Mvua ilikuwa ya rasharasha, na Edith alikuwa amepanda, amekaa dirishani. Binti alisimama chini, kanga imemganda mabegani, hataki kuondoka kabla basi halijaondoka. Edith alishusha kioo.

"Unalowa bure. Mtoto ataamka." Alinyoosha mkono akampangusa maji usoni, ingawa mvua iliyarudisha hapo hapo. "Nenda nyumbani, mwanangu."